Neno Lililobaki Kiooni

Tangu mwanzo wa wiki kompyuta ilikuwa ikisema "Karibu", na hakuna mtu aliyekuwa amefika.

Neno lilikaa katikati ya kioo cheusi kwa herufi nyeupe. Chini yake vitone vilizunguka vikifukuzana kama vifaranga wanaogombea punje, na havikuchoka. Mama Kijiko alipita mbele yake asubuhi akienda kukaa kwenye cherehani, akapita tena mchana, na jioni akasimama akafuta vumbi kwenye kona ya kioo kwa upindo wa nguo yake.

"Haya, funguka basi," akaibembeleza. "Umenuna nini?"

Ilikuwa ya marehemu mumewe. Alikuwa mtengenezaji wa kadi za mialiko, za harusi na za mahafali, na majirani walimtania kwamba amekaribisha mji mzima ilhali yeye mwenyewe hatoki nje ya geti. Aliipanga mashine izungumze Kiswahili ili binti yao ajifunze kusoma humo. Neno la kwanza mtoto huyo kulisoma peke yake, akiwa amepakatwa na baba yake, lilikuwa lile la kila asubuhi mashine ilipowaka: ka-ri-bu. Mtoto mwenyewe walizoea kumwita Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka ashike kijiko mkononi.

Kwa muda mrefu mashine ilikuwa ikiomba ibadilishiwe mfumo. Baba Kijiko kila mara alibonyeza "Baadaye". Hata alipougua kifua na mashine kuhamishiwa ndani ili afanyie kazi kitandani, aliendelea kuiambia baadaye, baadaye, mpaka yeye mwenyewe hakuwa na baadaye tena. Baada ya maziko ombi lilijitokeza upya. Mama Kijiko, mikono imejaa sare za shule za watu, akabonyeza "Kubali" ili limwondokee machoni. Mashine ikajizima, ikawaka, ikaandika Karibu, ikakwama hapo hapo. Jirani alimwonya asiizime, kwamba mabadiliko hayo huchukua muda na akiikatiza ataiharibu. Kwa hiyo hakuizima.

Angeweza kuiacha iozee pale mezani kama si kitu kimoja kilichokuwa ndani. Katika wiki zake za mwisho mumewe alikuwa amejirekodi akimsimulia Kijiko hadithi ya kijiko kilichotoroka jikoni kwenda kuitafuta bahari ya supu. Hakuimaliza. Rekodi ilikoma pale kijiko kilipofika kwenye mlango mkubwa kikapiga hodi. "Na aliyekuwa ndani," sauti ilisema, ikakohoa, ikapumzika. "Subiri, mwanangu. Baba amechoka. Kesho nitakwambia alikuwa nani." Baada ya hapo kiti kililia, na kimya. Mtoto aliijua yote kwa moyo, pamoja na kikohozi. Kila jioni kabla ya kulala walikuwa wakiisikiliza. Sasa, kila jioni, mtoto alikaa mbele ya lile neno na kungoja.

"Mama," alisema siku moja, "kompyuta inanuka baba."

Mama Kijiko aliacha cherehani, akainama nyuma ya mashine. Joto lililotoka kwenye feni lilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akimpaka mumewe kifuani, chupa ambayo aliitupa mwenyewe siku ya maziko. Akasikiliza feni. Haikuwa ikivuma sawasawa. Ilivuta, ikakwama kidogo, ikaachia kwa mluzi mwembamba, ikavuta tena, na yeye ambaye kwa miezi alilala akiuhesabu mluzi huo huo kifuani mwa mumewe, asithubutu kusinzia usije ukakoma, alijikuta amekaa sakafuni bila kujua amekaaje.

"Ni vumbi tu," akamwambia mtoto. "Feni imejaa vumbi."

Jioni hiyo hiyo umeme ukakatika mtaa mzima. Redio za majirani zikanyamaza, taa za barabarani zikafa, na Mama Kijiko akapapasa kutafuta kiberiti. Hakukihitaji. Sebule ilikuwa na mwanga hafifu, mweupe, wa kutosha kuona sindano. Vitone vilikuwa vikizunguka. Karibu, kioo kilisema. Karibu.

Alimbeba mtoto wakaenda kulala kwa wifi yake.

*

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa binti wa mpunga majini, mwanamke aliyewatoa watu mapepo. Utotoni ndiye aliyemshikia mama yake chetezo cha ubani. Ukubwani hakutaka kazi hiyo hata kuisikia. Aliuza vitambaa vya mapazia na kulalamikia magoti. Alimsikiliza Mama Kijiko mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kesho mwite fundi," alisema. "Nami nitakuwepo."

"Wifi, unadhani ni yeye?"

"Sijadhani chochote. Lala."

Fundi alifika mchana, mtu mrefu mwenye maneno mengi na mkoba uliojaa bisibisi.

"Hodi, hodi, wenyewe!"

"Karibu, fundi. Pita ndani."

"Nipite ndani, eti! Mashine imenitangulia kunikaribisha." Aliinama akakichungulia kioo, akacheka. "Shikamoo, mama," akamwambia wifi aliyekaa kwenye kochi. "Huyu mgonjwa ana siku ngapi?"

"Marahaba. Tangu mwanzo wa wiki," wifi akajibu.

"Na hamkumzima?"

"Niliambiwa nisiizime," Mama Kijiko akasema.

"Lo! Mmemwacha hapa usiku na mchana anasema karibu, karibu? Anamkaribisha nani, na mlango umefungwa?"

Alisema kwa mzaha, lakini wifi aliondoa mgongo kwenye kochi. Uso wake ulibadilika. "Sema tena hayo, baba," alimwambia polepole. "Nyumba yenye msiba, na kitu ndani yake kinakaribisha siku zote hizo bila kutaja jina la mgeni?"

Fundi akamtazama, kisha akamtazama Mama Kijiko, asijue acheke au asicheke. Akaamua kufanya kazi. Aliibonyeza swichi mpaka mashine ikazima, akafungua mbavu zake, akachomoa diski. "Mfumo ndio ulioharibika," alieleza. "Vitu vyenu viko humu kwenye diski. Naichomeka kwenye laptopu yangu, navitoa, kisha mgonjwa tunampa mfumo mwingine. Msiwe na hofu."

Na kweli, baada ya kitambo, majina yakajipanga kwenye laptopu: kadi, kadi, kadi, na chini kabisa, *Hadithi ya Kijiko*. Mama Kijiko aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Baba! Weka baba!"

Fundi akabonyeza.

Sauti ikajaa chumbani. Alikuwa ni yeye, ule ukwaruzo, ile namna ya kucheka puani kabla ya sehemu ya kuchekesha. Wifi aliugeuzia ukuta uso wake. Mtoto alisogeza midomo pamoja na kila neno. Kijiko kikatoroka, kikavuka ndoo, kikafika kwenye mlango mkubwa, kikapiga hodi. Na aliyekuwa ndani. Kikohozi. Subiri, mwanangu. Baba amechoka. Kiti kikalia. Mtoto akashusha pumzi, kwa maana hadithi ilikuwa imefika mwisho wake.

"Kesho imefika," sauti ikasema.

Fundi aliondoa mikono kwenye laptopu kana kwamba imemchoma. Harufu ya dawa ya kuchua ikaja kwa wingi, nzito, ya kukaba koo.

"Baba amemalizia!" Kijiko akapiga makofi. "Mama, baba amemalizia!"

"Na aliyekuwa ndani," sauti iliendelea, taratibu, bila kukohoa tena, "alikuwa msichana mdogo. Na aliyekuwa nje alikuwa na baridi. Amesimama mlangoni muda mrefu. Ameishia kizingitini tu, mwanangu, kwenye kioo, hajafika chumbani, kwa sababu kitu kilichomwita hakina ulimi. Wewe una ulimi. Unalijua neno. Ndilo neno lako la kwanza kulisoma. Lisome sasa kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisoma. Ka..."

"Ka," mtoto akaitikia, macho yanang'aa.

"Ri..."

"Ri..."

Mama Kijiko alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja, wakaanguka wote pamoja na kiti, na akiwa chini amemkumbatia, mtoto akirusha miguu na kulia ndani ya kiganja chake, alisikia silabi ya mwisho ikingojwa, akasikia jinsi chumba chote kilivyonyamaza kuingoja, hata saa ya ukutani, hata mtaa wa nje, mpaka wifi alipouchomoa waya wa diski kwa pupa na laptopu ikanyamaza.

"Mtoe mtoto nje," wifi akamwambia fundi. "Mpeleke kwa jirani. Kisha urudi."

*

"Si yeye," wifi alisema walipobaki wawili.

"Ni sauti yake."

"Sauti ni yake. Ameikuta humo akaivaa, kama mtu anayekuta koti limetundikwa. Nisikilize, wifi yangu. Yule ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ningependa kumsikia kuliko unavyodhani. Lakini kile kina njaa ya kuingia, na mtoto ni wako."

"Tunaweza kukitoa tukabakiza sauti?"

Wifi alichukua mikono ya Mama Kijiko, mikono yenye alama za sindano, akaikanda.

"Nijibu, wifi."

"Koti ndilo hilo hilo, mama. Ukilibakiza, atarudi kulivaa."

Fundi aliporudi alikuwa amepungukiwa maneno. Aliandaa kila kitu kwa ajili ya kuifuta diski yote, akasogeza laptopu mbele ya Mama Kijiko. "Hii bonyeza mwenyewe," alinong'ona. "Mkono wangu hauendi."

Kioo cha laptopu kiliuliza: *Una uhakika? Vilivyofutwa havitarudi.*

Spika za kompyuta ya zamani zilikuwa zimelala mezani, hazikuchomekwa popote. Kutoka humo ikasikika pumzi ikivuta, ikikwama, ikiachia kwa mluzi mwembamba.

"Mama Kijiko," ikasema.

Hakuna mwingine duniani aliyeliita jina hilo hivyo, kwa kulivuta mwishoni, kama mtu anayeomba maji.

"Mama Kijiko, usinitoe. Nje kuna baridi."

Machozi yalimshuka akayaacha yashuke. Alikumbuka kwamba usiku ule wa mwisho mumewe pia alilalamikia baridi, naye akamfunika kwa kila nguo iliyokuwa ndani, mpaka kwa sare za shule za watoto wa watu, na bado haikutosha. "Najua," aliliambia lile lililokuwa likipumua mezani, kwa upole, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuijibu sauti hiyo. "Najua, baba. Pole." Akabonyeza "Ndiyo".

Pumzi ilivuta mara moja. Mluzi haukufuata. Harufu ikatoka chumbani kama mtu anayetoka, ikapita mlangoni, na pazia likapeperuka kuelekea nje.

*

Kompyuta ilipona. Fundi aliiwekea mfumo mwingine na kwa hiari yake akaubadilishia lugha. Sasa ikiwaka haisemi chochote ambacho mtu angeweza kukielewa vibaya. Mtoto alimkasirikia mama yake, kisha akasahau kukasirika, kisha, jambo baya zaidi, akaanza kusahau maneno ya hadithi. Alirudia sehemu ya ndoo bila kuwa na hakika. "Baba alisemaje hapa, mama?" Na Mama Kijiko aligundua kwamba hata yeye maneno anayo, ila ukwaruzo ule umeanza kumtoka masikioni.

Majirani sasa wanasema mjane yule amekuwa na maringo. Ukipiga hodi kwake haitikii. Anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, anachungulia, ndipo anafungua na kukusogezea kiti bila neno. Hata mtoto amefundishwa hivyo hivyo. Watu wananung'unika: nyumba gani hii isiyosema karibu?

Hawajui kinachotokea jua likizama, saa ambayo marehemu alikuwa akitoka chumba chake cha kazi kule uani na kurudi ndani. Mlango hubishwa polepole.

"Hodi," inasema sauti. "Hodi, Mama Kijiko."

Mumewe hakupiga hodi nyumbani kwake hata siku moja. Alikuwa akisukuma mlango na kuuliza chakula kiko wapi. Analijua hilo, na hujikumbusha kila mara. Humpeleka mtoto chumba cha ndani, humwashia redio, hufunga mlango wa kati.

Kisha hurudi, akavuta kigoda chake cha cherehani, akakaa nyuma ya mlango wa mbele, kiganja kimebana mdomo wake mwenyewe, na sikio ameliegemeza kwenye ubao, asipitwe hata na hodi moja.