Mtakatifu wa Kando ya Mto

Mwaka 1976 hapa Kibaoni mpunga ulitoka vizuri mpaka mikeka haikutosha. Asubuhi moja nilikuwa kwa dada yangu Pelagia, tunaanika uani. Tulimtania shemeji Makarius kwamba kampikia mzungu wa mgodini Mpanda miaka kumi, akarudi na mto usio na samaki.

Maana mzungu aliporudi kwao alimwachia picha ya rangi: mto, miti mikubwa, mawingu mazito, na babu mmoja kwenye kigoda kando ya maji. Ametugeuzia mgongo, kavaa buti ndefu, kashika brashi. Nyuma kuna maandishi. Sisi ambao hatukusoma tukasema huyu ni mtakatifu. Dada akamtundika karibu na Bikira Maria.

Sasa binti yao Hilaria, miaka saba, alikuwa na homa. Tulifanya kama tunavyofanya siku zote: novena, sala za siku tisa, na kila siku mama anamkabidhi mtoto kwa mtakatifu. Pelagia alimkabidhi kwa yule babu. Siku ya tano niliona bega la babu limegeuka. Nikasema ni macho yangu. Siku ya nane niliona sikio.

Mchana wa siku ile ya kuanika mpunga, siku ya tisa, Padre Leodgar alikuja kumpaka mtoto mafuta. Akaishusha picha, akasoma nyuma. Akasema huyu ni Mwingereza, mchoraji wa mandhari ya kwao, kajichora mwenyewe mwaka 1816. Kafa zamani. Si mtakatifu.

Dada akakaa chini sakafuni.

“Sasa, Baba, mwanangu nimempa nani?”

Padre akaiweka picha chini.

Hilaria akafumbua macho. Akanong'ona, “Mama, usinishike. Babu kasema nisitikisike. Hajamaliza.”

Hakutikisika tena.

Nilimwosha mimi. Chini ya kucha zake kulikuwa na rangi ya kijani. Mbichi. Nilisugua kwa majivu, haikutoka.

Makarius akainua picha ili akaichome. Akasimama nayo. Kwenye kigoda amekaa mtoto, kavaa gauni jekundu la Hilaria, anatutazama.

Babu hayupo.

Nikatoka nje nipate hewa. Mpunga ulikuwa vilevile, maana watu wote walikuwa wamepita pembeni. Ila katikati ya mikeka kulikuwa na alama za buti, ndefu, zenye kisigino. Zilianzia mlangoni.

Za kurudi hazikuwepo.