Kompyuta ya Sonara

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la magodoro.

Nyundo alichora sakafuni kwa mkaa. Duka la sonara. Kaunta. Chumba cha dhahabu. Mlango wake wa chuma haukuwa na tundu la ufunguo. Uliitii kompyuta ya kaunta.

"Hiyo yako, Fundi."

Fundi alikwisha kwenda pale akijifanya mnunuzi wa pete, akaiiba skrini kwa jicho. "Inaendeshwa na mfumo wa Linux. Nimeijua kwa sura."

"Linux, Mac, BSD... si ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja, bosi, tabia mbalimbali. Mac ni bibi harusi: kapambwa, humgusi bila ruhusa ya wakwe. Linux ni mcheshi, hupatana na kila kifaa, ila wageni wakizidi, mmoja huacha dirisha wazi. OpenBSD, mmoja wa hao BSD, ni mjane mkali. Kila mlango kaukomea mpaka aufungue mwenyewe."

"Tushukuru si mjane!"

Walicheka. Dogo, dereva, hakucheka. Alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja, na mkewe alikuwa karibu kujifungua.

"Kaka, mara hii tu?"

"Hii tu. Nilikuingiza mimi, nitakutoa mimi. Utarudi kwa mkeo mzima."

Saa saba mchana.

Dogo nje, injini inanguruma. Sonara kifudifudi, mikono kisogoni. Fundi alichomeka flashi aliyoipika kwa ajili ya Linux. Kimya. Akarudia. Kimya.

Akaandika amri fupi ya kuiuliza mashine jina.

OpenBSD.

Picha zile zile ndogo chini ya skrini, rangi ile ile. Mjane kavaa nguo za mcheshi, na nguo huvaliwa na yeyote. Yeye, fundi wa mafundi, alitazama nguo.

"Fungua," Nyundo alisema.

"Haifunguki. Si Linux. Tuondoke."

Bunduki ya Nyundo ilimwacha sonara, ikaja kwake. "Umetuuza?"

"Nimekosea, bosi."

"Wewe? Wewe hukosei. Kazi yako kutuambia sisi tumekosea." Nyundo alitema mate. "Hatoki mtu bila dhahabu. Na Dogo haondoki pale."

King'ora kililia mbali.

"Kaka, wanakuja," redio ya mawasiliano kiunoni mwa Fundi ilikoroma. "Bado?"

Mtaa ule ulikuwa na mdomo mmoja. Polisi wakiuziba, gari limenasa. Fundi alimtazama Nyundo usoni, akaona mtu aliyekwisha kuamua kufa na wenzake.

Akabonyeza redio. Hakunong'ona.

"Dogo, mlango umekataa. Usitusubiri. Nenda kwa mkeo."

"Na wewe?"

"Nakuja kwa miguu. Nenda, nimesema!"

Tairi zilipiga yowe. Ngurumo ikapita kona, ikafifia, ikaisha.

Nyundo aliisikiliza mpaka mwisho. "Umenifungia humu," alisema taratibu.

"Nimetufungia sote."

Sonara alianza kusali, midomo ikigusa sakafu. Fundi aliweka mikono juu ya kaunta, kwenye mwanga, akasubiri kitakachowahi, king'ora au risasi.

Risasi iliwahi.