Kilio cha Mama Kwenye Gemu

"Na huyo mama anayelia kwenye gemu, pale mtumbwi unapozama, ni nani?"

"Ah, yule ni mwigizaji tu." Sauti ya kiume ikacheka kidogo. "Nilimtafuta mwenyewe, nikamfundisha kulia siku mbili. Mama zetu wa huku ukiwaelekeza vizuri wanaweza."

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Nikavua hedifoni, nikazivaa upya kama mtu aliyechanganyikiwa. Maneno yalikuwa yale yale.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, niko chumbani kwetu Matema, madirisha yamefungwa ili mawimbi ya ziwa yasiniharibie kazi, jasho linanitoka. Kazi yangu ni kutunga muziki wa gemu, podikasti na filamu fupi. Sina bosi wala ofisi, nina laptopu, kinanda kidogo na kinasa sauti. Aliko wa Mbeya, mwenye podikasti, alikuwa amenitumia mahojiano niyawekee muziki kabla hayajatoka. Aliandika: "Dada Jeni, wiki hii nina mgeni wa huko huko kwenu, mtunzi kama wewe. Mtafahamiana."

Mtafahamiana! Mgeni mwenyewe alikuwa Gwamaka, mchumba wangu, ambaye Jumamosi ile ile wazee wake walikuwa wanatoka Ipinda kuja kuleta posa.

Na huyo "mwigizaji" ni mama yangu mzazi.

Ngoja nieleze. Miaka miwili nyuma nilitega kinasa sauti ufukweni, nikitafuta sauti ya maji kwa filamu fupi moja. Asubuhi hiyo hiyo wavuvi wakamleta baba yangu, Sadoki, amelazwa kwenye mtumbwi, amekufa maji. Nani angekumbuka kinasa sauti? Kikanasa kila kitu. Mama akipiga yowe, mama akimwita baba kwa jina, mama akimuuliza kwa kilugha chetu sasa nani atakwenda kumchimbia udongo wa vyungu anavyofinyanga. Nilipokuja kukiokota sikuweza kuifuta ile sauti, na kuisikiliza sikuweza pia. Duniani nilimsikilizisha mtu mmoja tu, Gwamaka. Alilia pamoja na mimi, akanifuta machozi kwa shati lake. Ndiyo siku niliyosema huyu ndiye mume.

Nikampigia pale pale.

"Mke wangu mtarajiwa!" akapokea kwa furaha.

"Gwamaka, mama yangu ni mwigizaji?"

Nikasikia akifunga mlango.

"Nakuuliza wewe. Ulimfundisha mama yangu kulia siku mbili?"

"Umesikia wapi hiyo?"

"Kwa hiyo unachotaka kujua ni nimesikia wapi!"

"Jeni, punguza sauti. Nilipanga nikueleze baada ya Jumamosi."

"Sauti ya mama uliipata wapi?"

"Si ulileta laptopu hapa dukani nikuwekee programu? Niliiona tu."

Gwamaka ana stationari Kyela mjini, yenye intaneti nzuri. Mtandao wa kwetu mafaili makubwa hauyawezi, kwa hiyo kila nikimaliza muziki wa gemu naweka kwenye fleshi, napanda gari mpaka Kyela, yeye ananitumia kwa wateja. Miaka miwili nimekuwa nikimwambia ndaga, ndaga fijo, asante sana mpenzi. Kumbe mwenzangu anatuma kwa jina lake! Mjinga mimi nabeba fleshi kwenye pochi kama dawa ya mtoto, mwenzangu anaitwa mtunzi.

"Neema alitaka kilio," akaendelea. Neema ni mwenye gemu, yuko Dar. "Ile sauti uliyotunga kwa kinanda alisema haina uhai. Kazi ilikuwa inatuponyoka, Jeni. Nilipompelekea hii alitoa machozi!"

"Alitoa machozi kwa sababu mama alikuwa anamlilia mume wake!"

"Jina la mzee nimelikata. Hakuna atakayejua. Na mama hana hata simu janja, hilo gemu atalicheza lini?"

Jamani. Hapo ndipo damu ilinipanda kichwani. Kumbe kwa Gwamaka ubaya haupo kwenye kuiba, ubaya ni mwenyewe akija kusikia!

"Itoe leo," nikamwambia.

"Gemu linatoka Jumatatu. Nikisema leo sauti si ya mwigizaji, nitaonekana tapeli."

"Na wewe ni nani?"

Akakata simu. Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia: "Ukiliharibu hili umeiharibu na Jumamosi. Mfikirie mama yako, ameshaalika watu."

Kumfikiria mama! Yeye ananiambia mimi nimfikirie mama!

Namba ya Neema nikaipata kwa Aliko.

"Dada Neema, naitwa Jeni, nipo Kyela. Muziki wa gemu lako nimetunga mimi."

"Jeni? Ooh, wewe ndiye msaidizi wa Gwamaka. Alinitajia. Unamshikia maikrofoni."

Nikamweleza yote, toka ziwani mpaka stationari. Akanisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza.

"Dada yangu, pole," akasema. "Lakini nielewe. Mwaka mzima nafanya kazi na Gwamaka, wewe ndiyo kwanza tunaongea leo. Nitajuaje kama hamjagombana tu mkaamua kukomoana?"

"Ninayo sauti nzima, na jina la baba limo."

"Basi nitumie. Au mwenye sauti aniambie mwenyewe. Nina mpaka kesho asubuhi, baada ya hapo siwezi kubadilisha kitu."

Hapo nikakwama. Kutuma ile sauti kwa mtu mwingine tena, bila mama kujua, kungenifanya niwe Gwamaka wa pili. Na kumwambia mama ni kumwambia kwamba kilio chake ninacho. Miaka miwili sikuwahi kumtajia. Nilikuwa nikijiambia namlinda, lakini ukweli nilikuwa namwogopa.

Mama alikuwa uani, anasugua mdomo wa chungu kibichi kwa kokoto. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, siku ile ya baba, kinasa sauti changu kilikuwa kimewaka."

Mkono ukasimama.

"Kimewaka vipi?"

"Kilikunasa unalia. Nimekuhifadhi kwenye laptopu."

"Toka siku ile?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka miwili unakula chakula changu, unaniangalia usoni, na kilio changu umekifungia kwenye mashine yako? Kwa ruhusa ya nani, Jeni?"

"Nisamehe, mama. Nilishindwa kufuta."

"Nani mwingine amesikia?"

Nikamwambia. Nikamwambia na la gemu, na la mwigizaji wa siku mbili. Nilitegemea apige kelele majirani wajae. Hakupiga. Alikiweka chungu chini taratibu, akajifuta mikono.

"Hilo gemu, mtu akizama, mimi nalia?"

"Ndiyo, mama."

"Akizama mara kumi?"

"Unalia mara kumi."

Akaangalia pembeni.

"Mpigie huyo mwanamke," akasema.

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Hujambo, mwanangu. Mimi ni Rut, mke wa marehemu Sadoki. Wewe una mume?"

"Ninaye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ni mzima?"

"Mzima, mama."

"Basi mshukuru Mungu. Mimi sikuigiza. Siku ile kanga ilinidondoka mbele ya wanaume na sikujua. Nilikuwa namuuliza mume wangu kwa nini ametangulia na udongo hajaniletea. Hayo ndiyo maneno mliyoyaweka hapo. Sasa mnataka watu wanizamishie mume wangu kila siku, halafu nilie?"

Upande wa pili tukasikia mtu anapenga kamasi.

"Mama Rut, nisamehe. Sikujua. Maneno ya kilugha yamo kweli, hatukujua maana yake. Naitoa leo hii, kabla sijasimama hapa nilipo."

"Nashukuru. Na binti yangu usimlaumu. Huyo nitamlaumu mimi mwenyewe."

Neema akaomba kuongea na mimi.

"Dada Jeni, kati ya muziki uliobaki, upi ni wako?"

"Wote."

"Wote?"

"Nikuimbie upi?"

Nikamwimbia wa mwanzo, wa sokoni, na wa mvua, na nikamtajia hata pale nilipokosea nikaacha. Alicheka huku analia. Akasema jina la Gwamaka linatoka, langu linaingia, na kilio kipya nitunge mimi, safari hii nisiharakishwe na mtu. Aliko naye nikamweleza. Akasema mahojiano yale hayatoki, na kipande kile nikihitaji nikitumie nitakavyo.

Ijumaa Gwamaka akaandika: "Nimeona umefanya ulichotaka. Basi yaishe. Kesho nakuja na wazee, tusiwaaibishe. Bado nakupenda."

Nikamwonyesha mama.

"Nimzuie asije?"

"Kwa nini? Wazee wake wamekosa nini? Waache waje. Samaki nimeshanunua, mchele upo. Na nataka uulizwe mbele yangu."

"Mama, ile sauti niwasikilizishe?"

"Hiyo usithubutu. Hiyo haitoki tena humu ndani."

Jumamosi saa nne wakafika, watu watano. Msemaji wao alikuwa mzee Andongwisye, baba mdogo wa Gwamaka, mtu mzito wa kanisani, kofia mkononi. Mzee Yohana, kaka wa marehemu baba, akawapokea upande wetu.

"Mugonile," mzee Andongwisye akasalimu kwa heshima, wote tukaitika. Akazungumza vizuri, kwa kuzunguka kama inavyotakiwa, kwamba kijana wao ameona ua kwenye nyumba hii. Gwamaka kakaa katikati yao, shati jipya, ananitupia tabasamu. Nilipoliona lile tabasamu nikakifungua kile kipande cha podikasti kwenye simu. Niseme ukweli wangu, hata pale bado nilikuwa nampenda, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Mzee Yohana akaniita nisimame.

Wenyewe mnajua utaratibu. Binti anaulizwa kama wageni anawafahamu. Akisema ndiyo, posa inapokelewa, vigelegele, watu wanakula.

"Binti yetu Jeni," mzee Yohana akauliza, "hawa wageni unawafahamu?"

"Baba Andongwisye namfahamu. Shangazi hawa wawili nawafahamu, na kaka yao pia." Nikanyoosha mkono. "Huyu aliyekaa katikati simfahamu."

Shangazi mmoja alishaanza kigelegele, kikamfia mdomoni.

"Jeni, acha utani," Gwamaka akasema, anacheka kwa shida.

"Simfahamu, baba. Nilidhani namfahamu."

Mzee Andongwisye akageuza shingo. "Binti, neno hilo ni zito. Una sababu?"

"Ninayo, na ataisema mwenyewe."

Nikabonyeza simu. Sauti ya Gwamaka ikajaa sebuleni: "Ah, yule ni mwigizaji tu. Nilimtafuta mwenyewe, nikamfundisha kulia siku mbili..."

"Zima hiyo!" Gwamaka akasimama.

"Kaa chini," baba yake mdogo akamwambia. Akanigeukia. "Mwigizaji gani anayemsema?"

"Mama yangu, baba. Ni kilio cha siku ile ufukweni. Alikichukua kwangu bila kuniambia, akakitia kwenye mchezo wa simu."

Mzee yule aliiangalia mikono yake kwanza.

"Gwamaka. Siku ile mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemshika huyu mama asijitupe majini. Nguvu zake nilizisikia kwenye mikono hii. Ulimfundisha siku mbili?"

"Baba mdogo, ni kazi tu. Kwenye sanaa mambo haya..."

"Nimekuuliza. Ulimfundisha?"

"Hapana."

"Sema asikie."

"Hapana, mama. Sikukufundisha."

Mama alikuwa kakaa mkekani, hajanyanyua uso muda wote. Akanyanyua.

"Gwamaka, mimi nitakufa, ni lazima. Siku hiyo mwanangu akinililia, utawaambia watu anaigiza?"

Gwamaka akageuka. Akanitazama mimi kama niliyekuwa natakiwa kumsaidia jibu. Nikamwangalia tu.

Mzee Andongwisye akavaa kofia, akasimama.

"Mama, tumeaibika. Hatuna la kusema. Tuagane, sisi tunaondoka."

"Kaa, baba," mama akasema. "Nimepika. Mmetoka Ipinda na jua hili, hamwezi kuondoka na njaa nyumbani kwa Sadoki. Mtakula." Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Yeye ndiye aondoke."

Gwamaka akamwangalia baba yake mdogo. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akakaa. Mashangazi nao wakabaki walipo.

Akatoka peke yake. Tukasikia pikipiki yake ikikataa kuwaka, mara ya kwanza, mara ya pili. Ilipowaka ikaondoka, mama akanigeukia.

"Jeni, wageni hawajanawa mikono. Unasubiri nini?"

Nikaenda kuleta maji.