Kuku Aliyekuwa Mguu wa Cletus

Harufu ndiyo iliyotangulia. Cletus alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, asubuhi, bakuli la uji mkononi, akanusa nyama inachomwa. Nyama nzuri, yenye mafuta.

"Mama Angela," alisema, "nani anachoma nyama saa hizi, na sisi tumeandikiwa uji?"

Mkewe Justa aligeuka, akatazama chini, mwiko ukamtoka mkononi.

"Baba Angela! Mguu!"

Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya makaa kama kiazi, kinatoa moshi. Cletus aliuondoa taratibu, kama mtu anayesogeza mzigo wa mwenzake, akautazama kidogo, kisha akamalizia uji.

"Hauumi," alisema.

Wako wasimulizi wanaowauzia watu majini yenye kwato za punda na majini yanayonukia udi. Waacheni na bidhaa zao. Jini lililoingia Kiranjeranje mwaka huo halikuwa na kwato wala udi. Lilikuwa na vidole vitano na kovu, na lilifunguliwa mlango na kitoweo.

Ilikuwa hivi. Mwisho wa msimu wa korosho Cletus alianguka kutoka juu ya lori, na gunia likamfuata. Kifundo cha mguu kikavunjika. Hospitali wakamfunga hogo, lile plasta gumu, wiki sita. Walipolifungua mguu ulikuwa umevimba na umejaa ganzi. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu inarudi polepole, auangalie mguu kila siku kwa macho, maana wenyewe hauwezi kumwambia kitu. Ushauri mzuri sana. Lakini Mmakonde gani atakaa anatazama mguu wakati ufuta unakomaa shambani?

Akaenda Mitole kwa Bi Mwanaima, muunga mifupa. Bi Mwanaima alichukua kuku wa kishingo, akamvunja mguu wa kushoto, akamfunga vibanzi vya mianzi, akamfunga na Cletus vibanzi vilevile kwa kamba ileile.

"Huyu sasa ndiye mguu wako," alimwambia. "Akianza kutembea, utatembea. Mpeleke kwako umlishe. Asiuzwe, asipotee, asiliwe."

Na kweli! Wiki ya pili kuku alisimama, na Cletus akasimama. Wiki ya tatu kuku alichechemea hadi kwenye kinu, Cletus akachechemea hadi barabarani, na ganzi ikaanza kuchomachoma kama siafu, kila siku siafu wengi zaidi. Alifurahi hata akawa anamsalimia kuku kabla ya mkewe.

Kisha siku moja Cletus alikwenda kijiji cha pili kununua magunia, na Justa alikuwa shambani. Akaingia mgeni ghafla, shemeji Jerome kutoka Rasbura, Lindi. Nyumbani alikuwepo mama yake Cletus, Mama Benadetha, aliyefika juzi yake kutoka bara na hakuambiwa habari za kuku wa vibanzi. Mgeni aondoke bila kuku? Aibu hiyo angeiweka wapi? Alikimbiza majogoo, wakamshinda. Alikimbiza mitetea, wakapanda juu ya paa. Ndipo akamwona mmoja asiyeweza kukimbia.

Jioni walikula ugali na mchuzi wa nazi. Mwenye nyumba aliwekewa paja la kushoto. Cletus alilila lote, akafika kwenye mfupa, ulimi ukagusa kinundu kigumu, mahali mfupa ulipovunjika ukaunga. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimeng'ang'ania. Akakitoa kati ya meno, akakitazama.

"Mama," aliuliza, "kuku huyu ni yupi?"

"Yule kilema, mwanangu. Mwingine angeshikika?"

Siafu wote walitoka mguuni kwa pamoja, kama waliofukuzwa na moto. Kukawa kimya humo ndani. Keshokutwa yake ndipo alipochoma kisigino.

Na baada ya makaa, mguu ukapona. Hilo ndilo lililomtisha Justa. Kidonda kilifunga kwa siku mbili. Cletus aliacha mkongojo, akaacha kuchechemea, akaingia shambani kukata ufuta kuliko vijana. Lakini kila jioni, kuku wanapopanda kulala, vidole vya mguu ule vilianza kuparua sakafu. Kruu, kruu, kruu. Cletus angekuwa anaongea mambo yake, bei ya magunia, mvua, na chini vidole vinaparua udongo, vinaurudisha nyuma, vinatafuta.

"Unafanya nini, Baba Angela?"

"Mimi? Sifanyi kitu. Ni wenyewe."

Justa akamwaga majivu sakafuni kuzunguka kitanda. Alfajiri, kulipopambazuka, aliinama akasoma nyayo. Mguu wa kulia ulikuwa mguu wa mumewe, anaujua. Wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, mpana kama sinia, na nyayo hizo zilikuwa zimekwenda mlangoni, zikarudi, zikazunguka upande wake yeye wa kitanda, pale kichwa chake kilipolala, zikasimama hapo muda mrefu hata majivu yakashindiliwa.

Alichukua mwiba wa mndimu, akamchoma Cletus kifundoni. Kimya. Muundi. Kimya. Gotini alisema, "Hapo nasikia." Siku tatu baadaye goti halikusikia. Wiki iliyofuata paja. Justa aliweka alama kwa mkaa kila mahali mwiba uliposhindwa, na alama zikapanda mwilini mwa mumewe kama mchwa wanavyopanda nguzo, hadi kiunoni, hadi ubavuni.

Mchana mmoja binti yao Angela, wa miaka sita, aliumwa na nge uani. Mtoto alianguka akapiga kelele, akanyoosha mikono kwa baba yake aliyekuwa anatoka ndani na kapu, na Cletus akaja moja kwa moja, akainua ule mguu mzuri usiochechemea, akamruka mtoto kama mtu anavyoruka gogo lililolala njiani, akaenda zake kwenye ufuta, na hakugeuka hata pale Mama Benadetha alipomwita kwa jina la ubatizo na la ukoo, akilia.

Mtoto alipona kwa dawa ya zahanati. Kesho yake Justa alipakia familia kwenye bajaji kwenda Mitole, na Mama Benadetha akabeba mtetea mwekundu, wa kwake, aliyemfuga mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ambebe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Bi Mwanaima aliutazama mguu, hakuugusa. Aliongea chini chini, kama mtu aliyekaa karibu na aliyelala. "Mmemla."

"Tumemla."

"Mguu ulikuwa kwa kuku. Kuku alipoliwa, mguu ukabaki nyumba bila mwenyewe. Limepita jini, limekuta wazi. Na halijui binadamu anavyotembea. Limekuta njia za kuku mle ndani, linafuata hizohizo. Likifika moyoni, mwenye nyumba ni lenyewe."

"Dawa?" Justa aliuliza.

"Kuvunja upya. Pale pale. Lakini sivunji mfupa wa mtu asiyetaka."

Wote wakamtazama Cletus.

"Uacheni," Cletus alisema. "Unatembea vizuri. Hauumi. Ufuta bado upo shambani."

Justa hakulia, alikuwa amechoka kulia. Alimsogelea. "Mume wangu, yule mtoto uliyemruka jana. Jina lake nani?"

Cletus alifungua mdomo. Kuku mwekundu alikukurika chini ya kwapa la Mama Benadetha. Jina alilijua, liko mahali, kama jembe lililosahaulika shamba la mbali. Alilitafuta, akaenda, akaenda, na alipolipata, kivuli cha mlango kilikuwa kimesogea.

"Angela," alisema.

Alijua kwamba hapa mtu anatakiwa kuogopa. Akautafuta woga kifuani, kwa utaratibu, kona hadi kona, hakuukuta. Pale ulipokuwa woga palikuwa pamefagiwa.

"Basi vunjeni," alisema.

Bi Mwanaima aliweka gogo, akalaza juu yake mguu wa Cletus na mguu wa kuku, sambamba, akafunga kamba moja. Akasoma alichosoma, kwa pumzi tu. Mguu wa Cletus ukaanza kuparua hewa, vidole vikijikunja na kujikunjua, na Justa akaukalia kwa uzito wake wote huku akisikia chini yake kitu kinachosukuma, kisicho na hasira wala haraka, kinachosukuma tu kama mzizi unavyosukuma ukuta, na Bi Mwanaima akainua mchi wa kutwangia juu ya kichwa, ukakaa huko, ukakaa, kisha ukashuka. Pigo moja, mifupa miwili.

Ukelele wa Cletus ulisikika hadi madukani Mitole. Alilia, akauma mkono wake mwenyewe, akalia tena. "Unauma! Mama yangu, unauma! Angela! Angela yuko wapi, mwanangu, nilimruka mimi, nilimruka!" Justa akapiga vigelegele juu ya kilio. Mama Benadetha akapiga magoti.

Bi Mwanaima peke yake alikuwa anatazama upande mwingine.

"Kuku hajalia," alisema.

Kamba ilikuwa imekatika. Mtetea mwekundu alisimama chini, wima, juu ya mguu uliovunjika, mfupa mweupe umetoka nje, na hakuchechemea. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaelekea langoni kwa mwendo wa mtu aliyemaliza shughuli zake.

"Mshikeni!" Bi Mwanaima alipiga kelele kwa mara ya kwanza. "Huyo ndiye mguu wako, na lile jini limo ndani yake! Akiliwa huyo hakuna mara ya tatu!"

Walimkimbiza hadi kwenye mikorosho. Watu wazima watatu, na kijiji nusu. Hawakumpata.

Cletus yupo Kiranjeranje, kwenye vibanzi. Mguu unamuuma vizuri, na anashukuru. Lakini anasikia na mengine. Amelala kitandani, unyayo umefunikwa shuka, anasema, "Umande." Au anasema, "Sasa lami, ya moto." Siku mbili ilikuwa mchanga wenye chumvi. Justa ametuma salamu Mitole, Lindi, kila mahali: kuku mwekundu, mguu wa kushoto mbovu, asichinjwe. Watu wanacheka. Mitetea wekundu wako wangapi pwani hii?

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, Cletus aliacha kumsukia Angela mkeka wake mdogo. Akautazama mguu.

"Nini?" Justa aliuliza.

"Mkono," alisema. "Umenishika kifundoni. Wananifunga kamba." Akasikiliza. "Nimening'inizwa."

Justa alitupa ungo, akaushika mguu wa mumewe kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani kwa nguvu zake zote.

"Kuna mwingine," Cletus alisema, taratibu. "Ananipapasa paja kwa dole gumba. Kama wanunuzi wa kuku." Macho yake yalikuwa yametulia darini. "Ameridhika, Mama Angela. Ananibeba."