Doa kwenye Kitambaa cha Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilisuka ukili, ule mkanda wa kushonea vikapu, wa urefu wa mkono wangu. Bibi alikaa upande wa pili wa mkeka, akiushona ukili huo kuwa vikapu na kunisahihisha bila hata kuinua macho. Mtaani waliniita Pilipili kwa sababu sikuchelewa kukasirika, nami sikatai.

Vikapu hivyo vilikuwa vya Soko la Likizo. Mara moja kwa mwaka, shule zikishafungwa, mtaa mzima ulileta kazi za mikono uwanjani kuuza. Mwaka huo bibi aliniachia kazi ya kutia rangi peke yangu. Miyaa, yale majani makavu ya kusukia, huchemshwa katika rangi yenye chumvi, kisha husuuzwa. "Suuza mpaka maji yakatae," bibi alizoea kusema, yaani mpaka yasitoke tena na rangi. Mimi nilisuuza mara moja tu. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba nje, na zamu yangu ilikuwa inapita.

"Maji yamekataa?" bibi aliuliza.

"Yamekataa, bibi."

Siku ya soko mvua ilianza alfajiri, mvua isiyo na adabu hata kidogo. Kufikia saa mbili uwanja ulikuwa bwawa, na mwenyekiti wa mtaa akatangaza kwamba soko limeahirishwa. Niliudhika kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Fundi seremala naye alichukia.

"Watu wamefanya kazi mwaka mzima, halafu tushindwe na maji ya bure?" akasema. Akasukuma mbao zake ukutani, akafungua milango ya karakana yake, na sote tukahamia humo, tukabanana bega kwa bega.

Vikapu vyangu sita vyekundu viliwekwa juu ya meza ya kurandia, karibu na kitambaa cheupe cha shangazi. Alikuwa amekidarizi kwa miezi mitatu, na muuguzi aliyekiagiza kwa harusi yake angekuja kukichukua saa sita. Upande wa pili wa kitambaa, binti wa mfinyanzi, niliyesoma naye darasa moja, alipanga vyungu vyake vyekundu. Vilikuwa vimelowa njiani na bado vilichuruzika maji.

Saa nne shangazi akashika kichwa. Kitambaa kilikuwa na doa jekundu la ukubwa wa kiganja.

"Mimi sijakigusa," binti wa mfinyanzi alisema, maana macho yote yalikuwa yameshamgeukia.

Mvua ilikuwa ikipiga kelele juu ya bati, kwa hiyo nilipaza sauti kuliko wote. "Unakataa nini, na vyungu vyako vinadondosha maji mbele yetu? Mtu anafanya kazi miezi mitatu, wewe unakuja kuiharibu kwa dakika moja. Huna haya?"

Mwenyekiti akaamuru vyungu vitolewe nje, huko mvuani ambako mnunuzi yeyote asingefika. Viwili vikatolewa, cha tatu na cha nne vikafuata. Binti wa mfinyanzi hakulia. Alichukua chungu kimoja kilicholowa chapachapa, akakisugua kwa leso yake nyeupe, kisha akaiinua juu ingali nyeupe.

"Udongo uliochomwa hauachi rangi," alisema. "Tazameni. Sasa kila kitu chekundu humu ndani kipimwe hivyohivyo."

Nikatazama vikapu vyangu. Bati lilivuja, na matone yalikuwa yakianguka juu ya kikapu cha mwisho. Chini yake maji mekundu yalitambaa polepole kuelekea kwenye kitambaa. Mkono wangu ulikwisha kunyooka kukisogeza kikapu kile. Nikamwona mwenzangu amesimama mlangoni na leso yake, na nikajichukia. Nikamwendea bibi, nikamnong'oneza, "Bibi, ni rangi yangu. Maji hayakukataa."

Bibi akachukua ndoo ya fundi. Alikiloweka kitambaa katika maji baridi na sabuni kabla doa halijakauka, akakifikicha mpaka likatoka, na shangazi akashusha pumzi. Kisha bibi akavishusha vikapu vyote sita chini ya meza. Hakuna hata kimoja ambacho kingeuzwa siku ile.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akaniambia.

Nikamfuata binti wa mfinyanzi, nikamwambia "samahani" sikioni. Bibi akanishika bega.

"Mjukuu wangu, ulifanya uvivu, ukasema uongo. Hayo tutayazungumza nyumbani. Linaloniudhi zaidi ni kwamba hasira yako yote ulimmwagia mwenzio, na kosa ni lako. Ulimshtaki karakana nzima ikasikia, leo msamaha unamnong'oneza? Aliyemchafua mtu mbele ya watu, na amsafishe mbele ya watu."

Nikapanda juu ya kigoda cha fundi. Nikasema yote kwa sauti ileile iliyoshinda mvua: kamba, kusuuza mara moja, uongo wangu kwa bibi, na jinsi nilivyomsingizia asiye na kosa. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Halafu akatoka nje, akarudi amekumbatia chungu.

Binti wa mfinyanzi alikuja mpaka kwenye kigoda.

"Nimesikia," akasema. "Sasa shuka, vimebaki vitatu nje. Umeshalowa aibu, mvua haitakuongezea kitu."