Sauti Yangu Ilipoitwa Pepo

Jumapili ile nilikuwa mstari wa mbele pamoja na waombezi wenzangu, macho nimeyafumba, niliposikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye mabafle, zile spika kubwa za kanisa.

Haikuwa inaomba.

Ilikuwa inapiga kelele...

Nikafumbua macho. Pasta Olivier alikuwa amesimama mbele, simu yake ameiweka karibu na mikro. Gita lilikuwa linakwaruza, ngoma zinagongwa kama mtu anayevunja mlango, na juu ya vyote hivyo nilikuwepo mimi, nikilia kama mbuzi anayeona kisu.

"Kanisa, munasikia?" Pasta akauliza. "Nililetewa hii. Sauti hii ni ya mutu wetu. Iko hapa ndani. Iko inaombea wagonjwa wenu."

Kanisa zima likageuza shingo.

"Papa Néhémie, kuya hapa mbele."

Ndugu zangu mnaosoma, nawaandikia kwa herufi nilizojifunza nikiwa tayari nina mvi. Mnivumilie. Someni mpaka mwisho kwanza, kisha ndiyo mnihukumu huko kwenye maoni.

Wakaniwekea mikono. Kiganja cha Pasta kilikuwa kwenye paji la uso wangu, kinasukuma. Nyuma yangu wanaume wawili walikuwa tayari wananisubiri nianguke wanidake. Mkono mmoja ulikuwa begani kwangu, nao niliutambua bila kugeuka. Ulikuwa wa Mama Léontine, kiongozi wa waombezi, mama yangu wa kiroho.

Sikuanguka.

"Sema jina lako, pepo," Pasta akaamuru.

"Pasta, ni mimi Néhémie. Ile ni wimbo."

"Munaona? Inakatala. Pepo siku zote inakatala."

Nikanyamaza.

"Munaona? Sasa inajificha."

Hapo ndipo nilipolielewa shimo nililotumbukia. Nikikana, ni pepo anakana. Nikinyamaza, ni pepo anajificha. Nikilia, basi anatoka! Mwishowe nilipiga magoti ili tu watu waende nyumbani wakale.

Wakashangilia.

Mimi nilikuwa nauma meno. Wimbo ule ulikuwa kwenye simu tatu tu. Yangu, ya Guelord na ya Abigaël, wenzangu wa muziki. Mmoja wa watu wangu alikuwa ameniuza.

Niwaambie wimbo wenyewe ulitoka wapi.

Nilifika Bunia, huku mashariki mwa Kongo, nikitokea upande wa Nizi, godoro kichwani, watoto nyuma. Haikuwa mara ya kwanza kukimbia vita. Kanisa lile lilinipokea, na Mama Léontine akanipa nafasi katika mstari wa waombezi kabla sijapata hata nyumba ya kupanga. Yeye pia alikimbia kutoka Djugu. Mstari ule ulikuwa nyumba yangu. Mkumbuke hilo, kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa karibu kukipoteza.

Baadaye nikajiandikisha masomo ya jioni huko mtaa wa Bigo. Nilikaa benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Siku moja mwalimu alitaka kila mtu aandike sentensi moja juu ya maisha yake. Wengi waliandika kwamba wanaipenda nchi yao. Mimi niliandika:

Mungu, tutabeba godoro mpaka wapi?

Mwalimu alinisahihishia herufi kubwa, akapita. Aliyeisoma mara mbili ni Guelord, kijana wa moto, yaani anabeba abiria kwa pikipiki. Alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Muzee," akaninong'oneza, "hii si devoir ya mwalimu. Hii ni punk."

"Punk ni nini?"

Akanieleza kwamba ni muziki wa watu waliochoka. Kujua kupiga vizuri si lazima, alisema. Unahitaji gita, kitu kinachokuuma, na majirani wenye subira.

Gita alikuwa nalo, limekatika nyuzi mbili. Kilichoniuma nilikuwa nacho. Majirani wenye subira hatukuwapata.

Abigaël, binti anayepiga ngoma katika kwaya yetu, alitufungulia ukumbi wa kanisa siku za mazoezi, kwa sababu ngoma zenyewe zilikuwa za kanisa. Kikundi tukakiita Vumbi. Mkiwahi kukaa Bunia wakati wa kiangazi, hamtauliza kwa nini.

Mambo yalikuwa yanakwama kila hatua! Guelord alichelewa kila mazoezi kwa sababu ya abiria. Umeme ulikatika tulipoanza kuelewana. Onyesho letu la kwanza lilikuwa kwenye sherehe ya mtoto wa jirani, na kabla ya wimbo kufika katikati, bibi mmoja alituletea sahani za chakula akatuomba tupumzike... kwa muda mrefu.

Kurekodi kulikuwa shida zaidi. Tulikodi nini? Hatukukodi kitu. Tulisimamisha magodoro ya majirani kwenye kuta za chumba cha Guelord ili sauti isirudi, tukaweka simu juu ya ndoo. Kila tulipokaribia mwisho, mtu aligonga mlango anadai godoro lake.

Lakini mara moja ilikwenda mpaka mwisho. Nilifunga macho, nikaiona barabara ya Nizi, nikapiga ile kelele. Tukakaa sakafuni kuusikiliza wimbo. Abigaël alikuwa anafuta machozi.

Nilijua kwamba ile ni sala. Ni sala niliyokuwa siwezi kuisema kwa adabu.

Sasa rudini nami kwenye ile Jumapili.

Baada ya ibada Pasta aliniita ofisini. Alinipa fanta. Sitamsema vibaya, ni mtu mwenye huruma, na alionekana ana hofu kuliko mimi. Alisema watu wameanza kuuliza kama maombi yangu yaliwadhuru wagonjwa wao. Dawa ni ndogo tu. Jumapili ijayo nisimame nitoe ushuhuda kwamba nilifungwa na roho chafu kupitia muziki ule, na sasa nimefunguliwa. Nikifanya hivyo nafasi yangu kwa waombezi inabaki, na hata ngoma tunaweza kuzitumia kwa nyimbo nyingine.

"Na kama sikuwa na pepo, Pasta?"

Aliniangalia kwa upole wa daktari. Nikajua tumerudi kwenye lile shimo.

Nikatoka pale na hasira, nikaenda moja kwa moja kwa Guelord. Ni yeye anayependa kuweka kila kitu kwenye status. Ni yeye aliyewahi kutania kwamba kikundi bila kashfa hakijulikani. Nikamwambia mbele ya wenzake wa moto kwamba ameniuza.

Hakupiga kelele. Alifuta tu vumbi kwenye kiti cha pikipiki.

"Muzee, mi hata sisali kwenu. Nimujulie wapi Pasta wako?"

"Uliweka status."

"Angalia simu yangu." Akanipa. Hakukuwa na kitu. "Umeona? Sasa utafute muchezaji wa gita mwingine."

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Siku ya mazoezi ukumbini tulikuwa wawili. Abigaël alikaa nyuma ya ngoma bila kugusa fimbo.

"Papa Néhémie," akasema, "ni mimi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilipeleka wimbo kwa Mama Léontine auombee. Batu banaleta moto mupya, banaleta nguo ya ndoa. Nikasema na wimbo wetu uombewe kabla ya concert yetu ya pale Bigo."

Jamani... ningemkasirikia vipi? Kwetu hakuna kitu kipya kinachotoka nyumbani bila kuombewa. Ni mimi mwenyewe niliyemfundisha hivyo.

Basi hasira yote ikahamia kwa Mama Léontine. Mwanamke aliyenipa nafasi ndiye aliyenipeleka kwa Pasta kama mwizi! Nilifunga na kuomba wiki ile. Niliomba Mungu aniondolee uchungu. Hakuuondoa. Labda alikuwa na kazi nao.

Jumapili ikafika. Nikaitwa.

Kanisa lilikuwa limejaa kuliko siku zote. Nilishika mikro na kutafuta uso wa Mama Léontine. Alikuwa ameinamia Biblia yake, na kitambaa cheupe cha waombezi kichwani.

"Ndugu zangu," nikasema, "Pasta ananipenda, na mimi ninamupenda. Lakini siwezi kutoa ushuhuda wa uongo mbele ya Mungu. Sikuwa na pepo. Nilikuwa na uchungu. Ile kelele ni yangu."

Pasta akapiga hatua kuelekea kwangu.

"Kwa wale hawakusikia maneno, nilikuwa ninauliza Mungu: tutabeba godoro mpaka wapi?"

Mzee mmoja kule nyuma akaguna, "Eee." Wengi pale ndani walilijua godoro. Nikamtazama tena Mama Léontine. Neno moja lake lingetosha.

Hakuinua kichwa.

Pasta akachukua mikro taratibu, akaomba kanisa liendelee kumwombea ndugu Néhémie. Siku hiyo hiyo niliambiwa kwamba sipo tena kwenye mstari wa waombezi, na kwamba ngoma za kanisa hazitatoka.

Nilikuwa nimefika getini niliposikia mtu ananikimbilia. Mama Léontine, anahema.

"Mwanangu, ni mimi nilimupa Pasta ile sauti."

"Ninajua, Mama."

"Hapana. Haujue." Akaangalia nyuma kama kuna anayetusikia. "Nilimuambia: sikiliza mutu huyu namna anaomba. Fundisha kanisa kuomba hivi. Yeye hakusikiliza mpaka mwisho. Alisikia gita, basi."

Ndugu msomaji, kumbe hakuwa ameniuza.

"Mkono wako ulikuwa begani kwangu," nikasema. "Walikuwa wananiita pepo, na mkono wako uko begani kwangu."

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Na leo pia."

Kisha akaniomba kitu ambacho mpaka sasa nikikikumbuka napanda hasira. Alitaka nimtumie wimbo tena, kwa sababu Pasta alimwambia aufute. Atausikiliza nyumbani, alisema, na vile vya masikio, mtu asijue.

Kuitwa pepo kuliniuma. Hili liliniuma zaidi.

"Sitakutumia, Mama. Jumamosi mchana tunacheza kwenye sikukuu ya masomo ya jioni, pale Bigo. Kama unaupenda, kuya uusikie mbele ya watu."

Akageuka, akarudi ndani.

Kwa Guelord nilikwenda kwa miguu. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale wenzake ambao nilimshutumu mbele yao. Aliniacha niseme yote, halafu akawauliza wenzake kama wamesikia vizuri au nirudilie. Wakasema nirudilie. Nikarudilia! Ndipo akauliza tutagonga nini kama ngoma hakuna.

Abigaël alileta mabidoni matupu ya mafuta na sufuria ya mama yake.

Jumamosi uwanja wa shule ulikuwa na wanafunzi wenzangu, wake zao, waume zao na watoto wanaokimbizana. Mikro ililia filimbi. Uzi mwingine wa gita ulikatika kwenye wimbo wa kwanza. Watu walicheka, na mimi nilitaka kwenda nyumbani.

Halafu nikamwona.

Mama Léontine alikuwa amesimama kando ya barabara, mwavuli mkononi. Kitambaa cheupe cha waombezi kilikuwa kichwani, ili yeyote apitaye ajue ni nani. Akina mama wa kanisa letu walipita, wakamwona, wakaongea sikioni. Yeye akabaki pale pale.

Abigaël akagonga bidoni. Tukaingia.

Nilimwona anachezesha midomo. Kutoka pale nilipokuwa sikuweza kujua kama anaimba au anakemea. Nilipofika kwenye ile kelele ya mwisho, nikaangalia pembeni. Nikaitoa nusu tu.

Watu walipiga makofi ya heshima. Mama Léontine akavuka barabara, akapita katikati ya watoto, akaja mpaka mbele yangu.

"Kule mwisho ulipunguza," akasema. "Uliogopa nani?"

"Nilikuogopa weye, Mama."

"Na mimi nilimuogopa Pasta. Ona mahali siye tumefika." Akafunga mwavuli. "Rudilieni."

Tukarudilia.

Safari hii sikufunga macho. Nilipiga ile kelele nikimtazama, naye akaipiga pamoja nami, mama mwenye wajukuu, mishipa ya shingo imesimama. Guelord akaacha gita kabisa. Kijana mmoja aliyekuwa anacheka karibu na ukuta akaketi chini. Na kutoka katikati ya watu, mmoja baada ya mwingine, wale waliowahi kubeba godoro wakaanza kuuliza pamoja nasi.

Mungu hakujibu siku ile. Ila najua alisikia. Hata walioko sokoni walisikia.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Mama Léontine naye ameondolewa kwenye mstari wa mbele. Siku hizi tunakaa wote wawili benchi la nyuma, karibu na mlango, na wiki iliyopita yule mzee aliyeguna alihamia kwetu bila kuitwa. Ngoma bado hatujapewa. Mimi bado nina hasira, na ninaipeleka kwa Mungu kila asubuhi jinsi ilivyo.

Nilichojifunza ni hiki, ndugu yangu. Adui akikuita pepo, utapona. Lakini kama kuna mtu unayempenda na amewekwa katikati, watu wanamsukuma paji la uso, usimwekee mkono begani huku umefunga mdomo.

Mkono ule ni mzito kuliko wote.