Pingamizi la Bibi Harusi

"Haya ni matangazo ya tatu na ya mwisho," Katekista Khamala alisoma kanisani Kibera. "Austine wa hapa Soweto East, na Sella wa Kawangware. Mwenye kizuizi cha ndoa hii aseme."

Sella akasimama. Kanisa zima likageuka, maana tangu lini bibi harusi akaipinga harusi yake mwenyewe?

"Mimi niko nacho."

"Sella, keti," Austine alinong'ona. "Unaniaibisha."

"Jumanne nilikupigia simu nikakuambia nini?"

Austine alimvuta mkono aketi, lakini Sella akaendelea.

"Nilikuambia kuna kijana amepigwa jiwe kwa maandamano, anavuja damu kwa kibanda yangu, kuja na boda yako tumpeleke hosi. Ukakuja, ukaona tisheti yake ya chama. Ukasema?"

"Nilisema siwezi beba mtu wa hao. Si ndio walichoma boda ya mwenzangu Maurice?"

"Aliitwa Ambrose, fundi wa rangi. Hiyo tisheti alipewa bure, akaifanya ya kazi. Tulimsukuma na mkokoteni, akakata roho njiani akinishika mkono." Machozi yakamtoka. "Na hata angekuwa mwenyekiti wa hicho chama, si ni Mungu alimuumba? Siku nikivaa rangi hupendi, utaniacha pia?"

Alimpenda Austine, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Katekista alifunga kitabu. "Matangazo yamesimama," alisema taratibu.

Siku zikapita. Ijumaa Sella alienda mochari kumsindikiza Ambrose, mwili ukianza safari ya Busia. Akamkuta Austine mbele ya Mama Rachael, mamake marehemu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi nilimwacha. Nilikuwa na pikipiki na nikamwacha, juu ya tisheti."

Mama Rachael alimsogelea. Sella alidhani atamzaba kofi.

"Siku ile ulikataa kumbeba," mama alisema. "Leo mbebe."

Austine akaingiza bega chini ya jeneza. Alilia waziwazi mpaka kwenye gari, na hakuna aliyemnyamazisha. Maji yalikuwa yamemwagika, hayazoleki.

Gari lilipoondoka, alimwendea Sella.

"Sikuombi unirudie."

Sella alimpangusa vumbi la jeneza begani.

"Mwambie katekista asome tena matangazo," alisema. "Lakini aanze na la kwanza."